Naomba ushauri: modeli ya kompyuta kuhusu watu na tiba ya akili kwa simu

Wakuu habari za jioni, niko Dar nasoma mastazi, natumia NetLogo, ile programu ya bure, kuunda mtaa wa kuigiza wenye watu 1000, kila mtu na msimamo wake kuhusu kupata ushauri nasaha kwa simu badala ya kwenda kliniki, halafu wanaambukizana mawazo na majirani. Shida namba za kuanzia nazitoa wapi? Nimehoji watu 40 Mbagala na Sinza, wengi wanaogopa siri kuvuja maana simu nyumbani inashikwa na kila mtu, wengine ukitaja tu afya ya akili wanakujibu kwani mimi wa Mirembe (ile hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma)? Sasa aibu kama hiyo naigeuzaje iwe namba jamani? Na 40 si wachache? Supavaiza anaitaka hiyo modeli wiki ijayo.