Serikali ilipie vipimo vya vinasaba vya ng'ombe wa maziwa, au kwanza tushibishe tulionao?

Mleta mada, Arumeru:
Wadau, kwenye kikao cha wafugaji mzee mmoja alisimama akasema, "Vinasaba havijazi ndoo. Tupeni mashudu." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana nataka serikali ilipie kipimo cha vinasaba cha kila mtamba anayeuzwa.

Mtamba wangu wa mwisho niliuziwa kama chotara, nusu Friziani wa maziwa, nusu Zebu wa kienyeji. Alipozaa alinipa lita saba kwa siku. Nikaongeza pumba na mashudu, zikabaki saba. Kiangazi kilipoingia, saa nane mchana namkuta kivulini mdomo wazi, mate yanadondoka, mbavu zinapanda na kushuka. Maziwa yakashuka hadi lita tatu, kisha ndigana kali, ugonjwa wa kupe, ikamchukua. Mpaka leo sijui alikuwa na damu kiasi gani ya Friziani. Aliyeniuzia naye hakujua, alitazama mabaka meusi na meupe tu.

Na siyo mimi peke yangu. Watafiti walipopima vinasaba vya ng'ombe wa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki, walikuta damu anayoitaja mfugaji na damu aliyonayo ng'ombe mara nyingi havilingani. Kipimo chenyewe kinahitaji nywele chache za mkia, zing'olewe na mizizi yake.

Maziwa yenyewe yana siri zake humo. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba badiliko dogo kwenye jeni ya DGAT1 huongeza mafuta ya maziwa na kupunguza wingi wake. Zebu wengi wanabeba ile aina ya mafuta mengi. Sisi tunaolipwa kwa lita tunapaswa kujua tunazalisha nini.

Mfugaji, Lushoto:
Dada, pole sana kwa mtamba. Lakini ng'ombe wa lita ishirini ukimlisha mabua ya mahindi matupu, hizo ishirini utazisikia kwa jirani. Mwezi wa tisa mimi natoka alfajiri na panga kutafuta majani, narudi saa nne na mzigo mmoja. Hizo nywele zikisafirishwa maabara, majibu yatarudi mtamba ameshauzwa, na gharama ataongezewa nani kama si mnunuzi? Mzee yuko sahihi.

Mleta mada:
Kaka, kwenye majani sikubishii. Na hilo la kumpima kila mtamba umenishawishi, nalirudisha nyuma. Basi tuanze na madume. Dume mmoja wa mbegu anazaa maelfu, kwa hiyo gharama ya kumpima ikigawanywa kwa kila mrija wa mbegu ya kupandikiza ni ndogo sana.

Marekani kulikuwa na dume wa Holstein, jamii moja na Friziani, aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962. Mabinti zake walikamuliwa maziwa mengi mno, mbegu yake ikasambaa duniani. Miongo kadhaa baadaye vinasaba vikafichua kwamba alibeba kasoro kwenye jeni ya APAF1: kiinitete kikiirithi kwa baba na kwa mama, mimba inatoka. Mkulima wa huko aliona ng'ombe anarudi kwenye joto, akamlaumu mhamilishaji, yule anayepandikiza mbegu.

Sisi hapa ng'ombe akirudia joto mara tatu tunalaumu nini? Wahamilishaji mliomo humu, mrija mnaoubeba una jina la dume na namba yake. Je, mfugaji amewahi kuwauliza dume huyo amepimwa nini, na mlikuwa na jibu?