Kijiko cha trekta kinashuka chenyewe: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Trekta ni la zamani, lina kijiko cha mbele. Nikinyanyua mzigo na kuachia wenzo, kijiko kinashuka taratibu, kama sentimita 10 kwa dakika. Sili za pistoni kwenye silinda zote mbili za mafuta zinazonyanyua kijiko ni mpya. Nimetoa fimbo hadi mwisho, nikafungua paipu ya upande wa fimbo, nikaiziba, kisha nikaongeza presha upande wa pili: halitoki hata tone kwenye tundu la silinda lililobaki wazi. Kwa hiyo nashuku spuli ya valvu (kile chuma kinachoteleza ndani ya valvu kuelekeza mafuta) imelika. Oringi zake (pete za mpira) nimebadilisha, ila hizo huzuia tu mafuta kuvujia nje.

Je, spuli hupakwa kromu na kusagwa upya, au ninunue valvu nzima? Na kwa kuwa pampu hiyohiyo inalisha mikono ya nyuma inayonyanyua jembe, valvu mpya lazima iwe na tundu la kupitisha presha iendelee hadi kwenye mikono hiyo?