Acheni kuwapa watu idadi ya samaki kwa kuangalia lita tu, mnaua samaki!

Wakuu, hili limezidi. Mtu anakuja kwa adabu, anauliza: nina tangi la kioo la lita 60 la samaki wa mapambo, linabeba samaki wangapi? Hapohapo anamwagiwa namba. Weka 20. Weka 30, hawana shida. Hakuna aliyemuuliza ni samaki wa aina gani, tangi lina muda gani tangu lianze kufanya kazi, wala maji anabadilisha mara ngapi. Siku chache baadaye samaki wote wamepanda juu, midomo inapigapiga usoni mwa maji, matamvua yanaenda mbio, na walewale waliotoa namba wanamwambia atafute dawa. Dawa ya nini, wakati maji yamejaa amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe?

Ile kanuni ya sentimita 1 ya samaki kwa lita 1 na nusu, iliyotokana na inchi moja kwa galoni moja, iacheni. Kwa kanuni hiyo tangi la lita 60 linabeba samaki mmoja wa sentimita 40. Tangi lenyewe lina upana wa sentimita 30! Huyo samaki atageukia wapi? Na samaki hakui urefu peke yake, anapanuka na kunenepa pia. Urefu ukiwa mara 5, mwili wenye umbo lilelile unakuwa mara 125. Ni kweli mkubwa anakula kidogo kuliko mdogo ukipima kwa kila gramu ya mwili, lakini hakuna hesabu itakayomfanya samaki wa dhahabu mmoja wa sentimita 20 awe sawa na neoni tetra watano wa sentimita 4.

Hata hizo lita mnazitaja bila kupima. Tangi la nje sentimita 60 × 30 × 36 mnaliita la lita 65. Toeni unene wa kioo, toeni sentimita 3 za juu zisizojazwa, toeni changarawe ya kina cha sentimita 5. Maji yanayobaki ni kama lita 50. Tayari mmemkosesha mtu karibu robo kabla hata hajaweka samaki.

Sasa tuje kwenye kinachoamua kweli: chakula kinachoingia. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 ina takriban miligramu 64 za naitrojeni. Sehemu kubwa yake inatoka kwa samaki kama amonia, hasa kupitia matamvua. Bakteria wa kwenye filta (chujio la maji) wanaigeuza amonia kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Naitrojeni hiyo yote ikifika mwisho wa safari, inakuwa kama miligramu 280 za nitrati, yaani zaidi ya miligramu 5 kwa kila lita katika lita 50. Kwa gramu moja tu! Filta haiondoi hiyo nitrati. Inaondoka kwa ndoo, yaani kwa kubadilisha maji, na mimea hai inasaidia kidogo.

Kwa hiyo pimeni hivi. Siku ya 7 tangu maji yabadilishwe, kabla ya kuyabadilisha tena, mtu apime. Amonia iwe 0, nitriti iwe 0, nitrati isivuke miligramu 40 kwa lita, na 20 ni bora zaidi. Kama nitrati inapanda 20 kila wiki na anabadilisha nusu ya maji, itapanda hadi 40 na kusimama hapo. Akibadilisha robo tu, itaendelea kupanda wiki baada ya wiki mpaka karibu 80. Samaki ni walewale, tangi ni lilelile. Ndiyo maana namba zenu za kichwani hazina maana bila kujua ratiba ya ndoo.

Na anayesema "weka filta kubwa, ongeza samaki" aniambie filta inaongeza nafasi ya kuogelea sentimita ngapi. Oksijeni nayo inaingia kupitia uso wa maji. Tangi la kwenda juu lililo jembamba na tangi pana vinaweza kuwa na lita sawa, lakini lile pana linapumua zaidi. Bakuli la kioo la duara lililojazwa mpaka shingoni ndilo baya kuliko yote. Joto likipanda mambo yanazidi kuharibika: maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika kama 7.5, na wakati huohuo samaki wanahitaji zaidi.

Kuna uongo mwingine unaoniudhi kuliko yote: kwamba samaki anakua kulingana na tangi. Hapana. Anadumaa kwa maji machafu na anakufa mapema. Pleko wa kawaida anauzwa akiwa na urefu wa kidole, anafika sentimita 30 na zaidi. Oska vilevile. Hesabuni ukubwa wa utu uzima. Gapi nao, jike mmoja anazaa karibu kila mwezi, na anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi bila dume kwa sababu anahifadhi mbegu za dume mwilini. Mkimwambia mtu aweke 20, madume na majike pamoja, mnamwambia aweke mia.

Tangi jipya lisilo na bakteria halibebi idadi yoyote mnayoitaja. Kulikomaza huchukua kama wiki 4 hadi 6.

Aliyekwisha kujaza kwa ushauri wenu, mpeni msaada wa kweli: abadilishe asilimia 30 hadi 50 ya maji leo, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto sawa na la tangi. Asilishe siku moja au mbili. Apime amonia pamoja na pH (kipimo cha uasidi wa maji), maana kwenye pH 8 sehemu ya amonia yenye sumu ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Na sponji ya filta asiioshe kwa maji ya bomba. Aikamue ndani ya ndoo ya maji aliyoyatoa tangini, kwa sababu klorini ya bombani itaua bakteria haohao anaowategemea.