Vitabu vya kitaaluma na hadithi za zamani za kisayansi kwenye EPUB: tuanzie wapi?

mshona_kurasa

Wakuu, salaam. Kuna vitabu vya maktaba ndogo ya mtaa vinavyotakiwa visomeke kwenye simu na tableti kwa EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, na ni mchanganyiko hasa. Upande mmoja ni vya kitaaluma: Swahili Tales ya Steere (1870), kamusi ya Krapf (1882), na kitabu cha historia ambacho tanbihi zake zinapanda mpaka nusu ya ukurasa. Upande wa pili ni safari za kubuni za kisayansi: Jules Verne kwa Kiingereza, H. G. Wells, na majarida ya Kimarekani ya miaka ya 1950 ambayo karatasi zimegeuka rangi ya chai.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kipi kinaruhusiwa kisheria? Simu ya megapikseli 12 inatosha au lazima skana? Na tanbihi zikae vipi ndani ya EPUB bila kumpoteza msomaji? Kompyuta iliyopo ni ya Linux, RAM GB 8.

haki_kwanza

Mkuu, maliza suala la haki kabla ya kupiga picha hata ukurasa mmoja, maana kazi ya wiki tatu inaweza kuishia kabatini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zote zinahesabu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Krapf alifariki 1881, kamusi yake ikatoka mwaka uliofuata. Steere alifariki 1882, Verne 1905, Wells 1946. Hao wote vipindi vyao vimekwisha. Kitabu cha historia hujamtaja mwandishi. Tafuta mwaka wake wa kufa, siyo mwaka wa kuchapishwa. Aliyefariki 1974, kwa mfano, kipindi chake kiliisha na mwaka 2024.

Kwa Verne kuna mtego: mfasiri naye ana haki yake. Verne yuko huru, lakini tafsiri iliyotoka juzi haiko huru. Angalia jina la mfasiri na mwaka nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Kama jina halipo kabisa, mara nyingi ni tafsiri ya karne ya 19 iliyorudiwa. Isome kwanza uone ni ipi. Safari ya kwenda kitovu cha dunia ina toleo la London la 1871 ambamo Profesa Lidenbrock amegeuzwa Hardwigg na mpwa wake Axel anaitwa Harry. Ukikutana na Hardwigg, ujue umeshika toleo lililoandikwa upya kwa kiasi kikubwa. Tafsiri ya Malleson ya 1877 iko karibu zaidi na Kifaransa na yenyewe pia ni huru, kwa hiyo ningeichukua hiyo.

Majarida ndiyo kazi. Huko Marekani, kazi iliyochapishwa kabla ya 1964 ilitakiwa haki yake ihuishwe katika mwaka wa 28 tangu ichapishwe. Isipohuishwa, ikawa mali ya umma. Hadithi nyingi za majarida hazikuhuishwa. Mfano mzuri ni "Omnilingual" ya H. Beam Piper, iliyotoka katika jarida la Astounding Februari 1957. Kwa hadithi kama hiyo unapekua rekodi za 1984 na 1985. Watu wengi hukosea kwa kutafuta katika orodha ya Chuo Kikuu cha Stanford ya haki zilizohuishwa peke yake. Orodha ile ni ya vitabu. Michango ya majarida haimo. Rekodi za kuanzia 1978 ziko kwenye hifadhidata ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, za nyuma ziko katika majalada ya katalogi yao yaliyokwisha kuskaniwa. Tafuta kwa jina la mtunzi, kwa jina lake la bandia, kwa jina la jarida na toleo, na kwa jina jipya kama hadithi ilipanuliwa ikawa kitabu. Michoro nayo ni kazi ya mtu mwingine, yenye rekodi zake.

Kisha rudi nyumbani: kutohuishwa ni jambo la sheria ya Marekani, hapa wanahesabu tangu kifo. Piper alifariki 1964, kwa hiyo amepita kote kuwili. Na mtunzi wa Uingereza aliyechapishwa kwanza London usimpitishe kwenye njia hii, kwa sababu kazi nyingi za nje zilirudishiwa ulinzi Marekani mwaka 1996.

kioo_na_taa

Simu inatosha, ila piga hesabu. Megapikseli 12 ni takriban pikseli 4000 kwa 3000. Kitabu cha A5 kikiwa wazi kina upana wa inchi 11.7, kwa hiyo kurasa mbili kwa picha moja zinakupa nukta 342 kwa inchi, na ukiacha ukingo unabaki na kama 300. Hapo ndipo mpaka. Jarida la pulp, yaani la hadithi kwenye karatasi ya bei nafuu, lina urefu wa inchi 10 na upana wa 7. Kurasa mbili ni inchi 14, unapata 286, nayo haitoshi kwa herufi ndogo za safu mbili. Jarida piga ukurasa mmoja mmoja ujaze fremu, utapata kama 400. Kamusi nayo vivyo hivyo.

Usitumie programu za simu zinazojiita skana. Zinageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe papo hapo na kula nukta, alama za mkazo na tarakimu ndogo za tanbihi. Tumia kamera ya kawaida, funga fokasi na mwanga visibadilike, zima flashi. Taa mbili pembeni kwa nyuzi 45, kioo cha milimita 3 juu ya ukurasa kuunyoosha. Piga kurasa zote za kulia kwanza, kisha zote za kushoto, halafu zipange kwa kubadilisha majina ya mafaili. Ni haraka kuliko kugeuza kitabu kila mara.

Karatasi ya majarida hayo ni ya massa ya mti yenye asidi, ndiyo maana imekuwa kahawia na inavunjika kwenye mkunjo. Usiifungue nyuzi 180. Tengeneza kitanda cha V kwa mbao mbili, nyuzi 90 hadi 100. Maandishi ya upande wa nyuma yakijitokeza, weka kadi nyeusi nyuma ya ukurasa. Karatasi nyeupe ndiyo inayoyazidisha.

Hifadhi asili kwa kijivu. Ukurasa wa A5 kwa nukta 400 ni kama megapikseli 7.7, yaani MB 7.7 bila kubanwa. Kurasa 300 ni GB 2.3. Rangi ni mara tatu ya hapo, na unaihitaji kwa majalada tu. Baada ya hapo ScanTailor Advanced, programu ya kusafisha picha za kurasa: kugawa kurasa, kunyoosha, kuchagua eneo la maandishi, pambizo, kutoa. Kagua hatua ya kuchagua eneo kwa macho, kurasa zote, kwa sababu programu hupenda kukata tanbihi ya mwisho ikidhani ni uchafu.

herufi_kwa_herufi

Kutoka hapo ni Tesseract, programu ya OCR, yaani ya kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi. Kitabu cha Steere kina Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza zikitazamana. Tenganisha kurasa katika folda mbili, kila moja na lugha yake, `-l swa` na `-l eng`. Ukiunganisha `swa+eng` kwa kitabu kizima itakuwa polepole na itaanza kusoma maneno ya lugha moja kwa macho ya nyingine. Ukurasa wa safu moja tumia `--psm 4`. Majarida kata safu mbili kwenye picha kabla, kila safu `--psm 6`, vinginevyo mchoro uliokaa katikati utachanganya mistari na tangazo la pembeni litaingia ndani ya hadithi.

Makosa yanajirudia. Kiingereza: "tbe", "arid" badala ya "and", "be" na "he" kubadilishana. Kiswahili: "mtu" inakuwa "nitu", "mji" inakuwa "niji", na "mw" mwanzoni inakuwa "rnw". Kiswahili kina msaada wake: neno karibu lolote linaishia irabu. Tafuta kwa regex (kanuni ya kutafuta maneno kwa umbo lake) `\b\w+[bcdfghjklmnpqrstvwxyz]\b` katika maandishi ya Kiswahili, na karibu kila kitakachotokea ni kosa la kusoma au jina la mtu. Hakuna kikagua tahajia kitakachokupa faida kama hiyo.

Ng'ombe na ng'ambo zina hatari yake pia. Programu inayogeuza alama za nukuu kuwa za mviringo ikikuta nukuu ya mtu mmoja ndani ya nyingine itafunga mazungumzo katikati ya neno. Badilisha `ng'` kwanza peke yake, ndipo ushughulikie nukuu.

Kwa hadithi za kisayansi, andika orodha ya majina ya kubuni mapema. Katika "Omnilingual" wataalamu wanasoma lugha ya Mirihi iliyokufa, na maneno kama "Mastharnorvod" na "Sornhulva" ndiyo uti wa hadithi. Herufi moja ikikosewa, hoja ya kiisimu inavunjika. Hii hadithi inastahili uhakiki wa kiwango cha kamusi, na inanifurahisha kwamba katika shehena hii imekaa karibu na Krapf.

Tanbihi sasa. Kitabu cha karatasi huanza upya na * na † kila ukurasa. Wewe zipe namba mfululizo kwa sura nzima au kitabu kizima, uziweke mwisho wa sura. OCR husoma tarakimu ya juu kama `'` au `"`, kwa hiyo hesabu: idadi ya viungo ndani ya matini lazima ilingane na idadi ya tanbihi, sura kwa sura. Tanbihi iliyovuka ukurasa iunganishe kabla ya kuipa namba, la sivyo nusu ya pili itabaki yatima katikati ya aya. Ndani ya EPUB 3, kiungo ni `epub:type="noteref"` na tanbihi ni `<aside epub:type="footnote">`. Weka pia kiungo cha kurudi. Visomeo vingine havifungui dirisha dogo, vinaruka moja kwa moja.

Namba za kurasa za asili zihifadhi kwa vya kitaaluma kwa `epub:type="pagebreak"`, ili faharasa ifanye kazi na mwanafunzi aweze kunukuu. Kwenye hadithi ziondoe tu. Lugha itambulishe: `xml:lang="sw"`, na maandishi ya Kiarabu `xml:lang="ar" dir="rtl"`, bila hivyo kisomeo cha sauti kitatamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

mshona_kurasa

Shukrani sana wakuu. Mawili ya nyongeza. Tahajia ya Krapf niisasishe? Na Verne wa chini ya bahari tuliye naye ni tafsiri ya Mercier Lewis ya 1872, nasikia ina kasoro.

herufi_kwa_herufi

Krapf usimguse. Aliandika jinsi alivyosikia, hasa Mombasa, na tahajia yake ndiyo ushahidi wenyewe. Ongeza faharasa ya pili yenye tahajia ya leo, kila neno likiwa na kiungo cha kwenda kwenye kitomeo chake.

haki_kwanza

Mercier Lewis aliacha zaidi ya moja ya tano ya kitabu, na sehemu kubwa ya alichoacha ni sayansi. Alichobakiza nacho kina makosa: bamba za chuma za Nautilus, nyambizi ya kitabu hicho, zinatajwa kuwa nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule, wakati Verne aliandika kuwa uzito wake ni mara 7.8 ya ule wa maji. Chombo hicho kisingezama hata kikitaka. Badlands za Nebraska, ambalo ni jina la mahali, zimekuwa nchi "isiyopendeza". Makosa ya mchapaji sahihisha, uyaorodheshe mwisho. Makosa ya mfasiri yaache, ongeza tanbihi yenye alama tofauti, na taja tafsiri kwenye ukurasa wa kwanza.

kioo_na_taa

Ukifungasha EPUB kwa mkono, faili la `mimetype` liingie kwanza bila kubanwa: `zip -X0 kitabu.epub mimetype`, kisha vingine `zip -Xr9D kitabu.epub META-INF OEBPS`. Pitisha EPUBCheck, programu ya kukagua EPUB, mpaka isitaje kosa hata moja, halafu jaribu kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote zilizopo maktabani.