Nina modemu ya 56k haina jina, nitajuaje chipu yake ni ya nani?

kadi_kongwe
Wakuu habari zenu, nina kadi ya modemu ya PCI, zile za kupiga kwa laini ya simu, nimeitoa kwenye kompyuta ya zamani nataka niifufue kwenye Linux ipigiane na modemu yangu nyingine ya nje kupitia swichibodi ndogo niliyonayo, ule mlio nimeumisi sana. Sasa kadi haina jina la kampuni, imeandikwa V.90 tu (kiwango cha modemu za 56k) na namba ndefu ambayo nikiigoogle haileti kitu. Draiva nne nimejaribu zote zimegoma. Chipu kubwa ya katikati imebandikwa stika juu, naogopa kuibandua. Nianzie wapi?

waya_mbili
Mkuu achana kabisa na jina la kwenye boksi. Waliokuwa wanaunda kadi walikuwa wengi mno ila wenye chipu ni wachache, na draiva inafuata chipu. Kwenye Linux andika lspci -nn, inaorodhesha kadi zilizochomekwa, utaona namba mbili zimetenganishwa na nukta pacha, ya kwanza ndo ya mtengenezaji: 11c1 Lucent, 127a Rockwell, 14f1 Conexant, 12b9 US Robotics, 134d PCTEL. Kwenye Windows namba hiyo hiyo iko Device Manager, baada ya VEN_. Majina yasikuchanganye, Rockwell waliitenga idara yao ya chipu mwaka 1999 ikawa Conexant, na chipu za Lucent zikahamia Agere halafu LSI, kwa hiyo draiva moja unaweza kuikuta kwa majina matatu.
Stika bandua tu taratibu haina madhara, halafu mulika tochi kwa pembeni, maandishi yaliyofifia yanasomeka vizuri hivyo kuliko ukimulika kwa juu.

kadi_kongwe
Asante mkuu! Imeleta 11c1:0440, na chini ya stika nimesoma 1646T00. Ila mbona nikituma ATI3, ile amri ya kuiuliza modemu ijitaje, kimya kabisa, wakati ile ya nje inajibu?

sikio_la_laini
Hiyo ni Lucent, winmodem, yaani modemu inayoiachia draiva sehemu ya kazi yake, ndo maana iko kimya. Modemu nyingi za nje tangu Hayes Smartmodem ya 1981 zina prosesa yake ndani inayosoma amri za AT, kwa hiyo hata bila draiva ukiiuliza ATI3 inajitaja. Baadaye ili kadi iwe rahisi kutengeneza wakaiondoa hiyo kontrola, kazi yake ikahamia kwenye draiva. Yako bado ina DSP ya kuchakata mawimbi, kilichohama ni kontrola tu, Conexant aina hiyo waliiita HCF. Zile za HSF ndo mbaya zaidi, hata mawimbi yanachakatwa na prosesa ya kompyuta, kadi inabaki na kazi ya kuunganisha laini tu. Bila draiva sahihi hakuna mtu wa kuisikia hiyo ATI3. Tafuta draiva inaitwa martian, ni ya chipu za 1646 na 1648.
Na mwenye laptopu awe makini, modemu nyingi za laptopu ziko nyuma ya AC'97, kiunganishi cha sauti na modemu kwenye bodi, lspci inakuonyesha namba ya chipuseti ya bodi, mfano 8086 ya Intel, wakati modemu yenyewe ni ya mwingine. Mimi nilipoteza siku mbili nzima na draiva za Intel kumbe kodeki (chipu ya modemu yenyewe) ilikuwa ya Conexant. Hapo angalia ID ya kodeki.

waya_mbili
Nyongeza, kama kadi imeandikwa K56flex ni ya kambi ya Rockwell na Lucent, x2 ni US Robotics, hizo ni mbinu mbili za 56k zilizokuwa zinashindana 1997 na hazielewani kwa kasi ya 56k mpaka V.90 ilipokuja 1998.
Halafu usitegemee 56k kati ya modemu zako mbili. Kasi hiyo inataka upande mmoja uwe umeungwa kidijitali moja kwa moja na mtandao wa simu, kama walivyokuwa watoa huduma wa intaneti. Analogi kwa analogi mwisho ni 33.6k.

kadi_kongwe
Wakuu imekubali!! Martian imeitambua, mwanzoni ikawa inasema NO DIALTONE maana mlio wa swichibodi haiutambui, nikaweka ATX3 isiusubiri ikapiga, ile ya nje ikapokea kwa ATA, mlio wote mpaka mwisho halafu CONNECT 31200. Nimerudia mara tatu.

sikio_la_laini
31200 kwa swichibodi ni nzuri sana mkuu. Hiyo 1646T00 iandike kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi kabla haijafutika.