Tupeane uzoefu: kumchagulia kijana shule binafsi ya bweni

Mwanzisha mada
Wadau, matangazo ya shule hizi yamejaa maabara na mabasi mapya, lakini kijana anakaa darasani saa 7 au 8 tu kwa siku. Muda uliobaki yuko mikononi mwa bweni. Tuchangie mambo ya kukagua kabla ya kulipa chochote. Majina ya shule tusiyataje.

Naanza na makaratasi: ombeni namba ya usajili, mhakikishe usajili huo unahusu na bweni, kisha muulize kama shule ni kituo cha mtihani. Kama siyo, watoto watafanyia mtihani kwingine.

Mlezi wa bweni
Msiende siku ya wazazi, siku hiyo kila kitu kimepigwa rangi. Nendeni jioni ya kawaida, wanafunzi wakitoka prepo (kujisomea jioni). Mlango wa bweni msukume wenyewe: unatakiwa ufunguke kwa nje, na aliye ndani asihitaji ufunguo. Bweni lina mlango mmoja, madirisha yote yana nondo, na ufunguo wa kufuli la usiku anakaa nao mlinzi getini? Ageni mwondoke. Godoro la sponji likishika moto, chumba kinajaa moshi kwa dakika chache, na moshi huua kabla moto haujamfikia mtu. Muda wa kumtafuta mlinzi haupo.

Ulizeni zoezi la mwisho la moto lilifanyika lini, halafu mwanafunzi mmoja mmuulize hivyohivyo. Majibu yakigongana, mwaminini mwanafunzi. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1 au zaidi. Na mjue ni mtu mzima gani *analala* humo. Wakiwaambia "anazunguka", bado hawajajibu.

Mwalimu wa taaluma
Asilimia ya ufaulu peke yake haisemi kitu. Ulizeni walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi na walioketi kwenye mtihani wa mwisho wangapi. Tuseme walianza 80 wakamaliza 52: hao 28 wako wapi? Wengine wamehama tu, ni kawaida. Ila zipo shule zinazowachuja wenye alama ndogo mwaka mmoja kabla, au kuwasajili kama watahiniwa wa kujitegemea, wasiohesabiwa kwenye matokeo ya shule, ili wastani usishuke. Kijana wa alama za kati ndiye anayeumia hapo.

Mhasibu
Ombeni ankara halisi ya muhula uliopita, jina likiwa limefutwa. Humo ndipo mtaona kufua, vitabu, safari, ada ya mtihani na michango ambayo haimo kwenye kipeperushi. Mkataba usomwe kwenye kifungu cha notisi: shule nyingi zinadai notisi ya maandishi ya muhula mzima, na mkimhamisha mtoto bila hiyo mnadaiwa ada ya muhula unaofuata. Pesa ya fomu hairudi. Amana, yaani pesa ya dhamana mnayoiweka shuleni, hurudi baada ya kukatwa madeni, kwa hiyo tarehe ya kurudishwa iandikwe.

Muuguzi
Mwenye pumu akae na kivuta dawa (inhela) chake mwenyewe, kisifungiwe kabatini kwa matroni. Ulizeni usiku gari la kwenda hospitali lipo, na dereva analala wapi.

Mdau
Menyu ya ukutani msiihangaikie. Chungulieni ndoo ya makombo baada ya chakula cha mchana. Kijana naye aachwe nusu saa na wanafunzi, bila mwalimu wala mzazi. Akisema hapataki, aulizwe ameona nini kabla hamjambishia.

Mwanzisha mada
Na simu?

Mlezi wa bweni
Kanuni zinatofautiana, mimi siyo shabiki wa simu mkononi usiku. Lakini simu ya mezani kwa matroni haimsaidii anayeonewa, maana anayemwonea yuko kwenye foleni nyuma yake. Ulizeni njia ya pili: mshauri nasaha asiye mwalimu wa zamu, au sanduku la barua ambalo ufunguo wake hauko kwa kiranja.