Ushauri: Chemchemi iko katika shamba la marehemu na warithi hawajakubaliana. Je, tuanze ujenzi au tusubiri?

Katibu wa Kikundi, Vihiga

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujisaidia kilichosajiliwa katika kijiji kimoja karibu na Chavakali, magharibi mwa Kenya, na wanachama wetu wengi ni akina mama pamoja na vijana wachache. Tunataka kuijengea chemchemi ambayo kijiji kimeitegemea tangu enzi za wazazi wetu, kwa maana hata nyumba zilizounganishiwa mifereji hurudi pale kila maji ya mfereji yanapokatika. Kwa sasa maji hutoka chini ya mwamba na kujikusanya katika kidimbwi kilicho wazi. Akina mama huchota kwa bakuli na kujaza mitungi, ng'ombe hunywa hatua chache tu chini yake, na mvua ikinyesha maji yenye tope kutoka mashambani hushuka hadi pale pale tunapochotea.

Shida yetu ni ardhi. Mzee mwenye shamba alitupa ruhusa kwa mdomo katika baraza, mbele ya liguru (mzee wa kijiji) na naibu wa chifu, lakini hatukuwahi kuandikiana chochote, naye amefariki kabla ya kazi kuanza. Hatimiliki bado iko kwa jina lake. Mwanawe mdogo, anayeishi pale na ambaye amepanda mikaratusi juu kidogo ya chemchemi, anasema tuendelee. Kaka yake mkubwa, anayefanya kazi Kericho, amepiga simu akisema mtu yeyote asiguse jiwe hadi mirathi ikamilike, kwa sababu anahofia kwamba tukishajenga, kipande kile kitahesabiwa kuwa mali ya umma na familia itakipoteza.

Wakati huo huo, mfadhili mmoja ameahidi kutununulia saruji na mabomba, na angependa kuona kazi imefanyika kabla ya mvua za masika. Baadhi ya wanachama wanasema ruhusa ya marehemu inatosha na kwamba kungoja ni kuipoteza bahati. Jambo la pili ni kwamba watu wanaojitolea siku za Jumamosi kufyeka na kuzibua mtaro wamepungua sana, na waliobaki wameanza kunung'unika. Naomba ushauri wa wale waliowahi kusimamia kazi kama hii.

Mzee wa Kamati, Emuhaya

Katibu, poleni kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kazi mnayoibeba. Ushauri wangu ni kwamba msifungue hata mfuko mmoja wa saruji kabla familia nzima haijatia sahihi.

Ruhusa ya kijana mdogo haitoshi. Madhali mirathi haijafanyika, shamba lile bado linahesabiwa kuwa mali ya marehemu, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Kwa hiyo hakuna mtoto mmoja anayeweza kuwapa haki ya kudumu juu ya kipande kile, hata akiwa ndiye anayelima hapo kila siku. Hata ruhusa ya marehemu, ambayo mimi binafsi naiheshimu sana, mahakamani itakuwa maneno ya mtu ambaye hawezi tena kuulizwa. Hata hivyo, familia yote kwa pamoja inaweza kuandika kwamba haina pingamizi, na kwamba shamba litakapogawanywa chemchemi na njia ya kuifikia vitaachwa wazi kwa matumizi ya wote. Karatasi hiyo itunzwe vizuri, na siku ya mirathi mwombeni wakili awaeleze jinsi haki hiyo ya njia inavyoweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ili atakayelinunua shamba kesho asije akaweka seng'enge.

Ninaposema familia yote simaanishi wale ndugu wawili peke yao. Je, mama mjane yuko hai? Je, mzee alikuwa na mabinti? Huku kwetu mara nyingi tunawaita wana wa kiume, wanatia sahihi, na dada zao walioolewa wanasikia habari miezi kadhaa baadaye. Sheria inawatambua mabinti kama watoto wa marehemu sawa na ndugu zao, kwa hiyo mkiwaruka mnaiacha hati yenu na tundu ambalo mtu yeyote mwenye kinyongo atalipitia.

Kuhusu kaka mkubwa, naomba msimchukulie kama adui wa maendeleo. Hofu yake ina msingi, kwa sababu mtu aliye mbali na nyumbani anaposikia kuna mfadhili, saruji na kamati, ni rahisi aone kwamba mambo ya shamba la baba yake yanaamuliwa pasipo yeye. Chagueni watu wawili au watatu anaowaheshimu, mmoja wao awe wa ukoo wao, waende kumwona ana kwa ana au wamsubiri akija nyumbani, na waanze kwa kumuuliza anachohofia kabla ya kumweleza mnachotaka. Kisha mwekeeni majibu yake katika maandishi: kwamba ardhi inabaki ya familia, kwamba kikundi hakitadai umiliki, kwamba eneo la ujenzi limepimwa kwa futi ya kamba mbele yao na halitaongezwa bila ridhaa yao, na kwamba hakuna mtu, wa kikundi wala wa familia, atakayetoza watu pesa za maji. Hati isomwe kwa sauti kwa lugha ambayo mama mjane anaielewa vizuri, naibu wa chifu na liguru washuhudie, na kila upande ubaki na nakala.

Kuna mtu atakuja hapa kuwaambia kwamba chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016 rasilimali za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kwamba kwa hiyo familia haina neno. Hiyo ni kweli kuhusu maji, lakini mguu unaokanyaga kwenda kuyachota unakanyaga shamba la watu. Msianze mazungumzo na jirani aliyefiwa kwa kumsomea kifungu cha sheria.

Fundi wa Mawe, Luanda

Ninaunga mkono yaliyosemwa, na ninaongeza upande wa kazi yenyewe, kwa sababu naona haraka ya mfadhili inawasumbua.

Ni kweli kwamba wakati mzuri wa kuchimba ni kiangazi, hasa Januari na Februari, maji yakiwa yamepungua na jicho la chemchemi likionekana wazi. Lakini saruji iliyonunuliwa mapema ikawekwa katika nyumba yenye unyevu huanza kuganda, na baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake hupungua. Mwombeni mfadhili asiwaletee mifuko sasa. Bora aweke ahadi yake kwa maandishi, na siku hati ya familia ikitiwa sahihi alipe moja kwa moja katika duka la vifaa vya ujenzi mnalokubaliana. Hapo hata maneno ya nani amekula pesa hayatakuwapo.

Jengo lenyewe si kubwa. Unachimba kufuata maji hadi pale yanapotoka kwenye mwamba au udongo mgumu, unapanga mawe safi na kokoto nyuma ya ukuta, unafunika kwa karatasi nene ya plastiki na udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri ili maji ya juu yasipenye, halafu unatoa bomba kwa mbele kwa kimo cha kuingiza mtungi wa lita 20 chini yake. Kosa ambalo nimeitwa mara nyingi kulirekebisha ni fundi kuliweka bomba juu mno. Maji yakizuiliwa yakapanda nyuma ya ukuta kupita kiwango chake cha kawaida, hutafuta njia nyingine chini ya ardhi, na unabaki na ukuta mzuri usiotoa kitu. Sehemu ambayo wengi huiona haina maana ni mtaro wa kukinga maji ya mvua, unaochimbwa juu ya chemchemi na kuyapeleka pembeni. Bila huo, tope litawarudia. Pia angalieni choo kilicho upande wa juu. Kisiwe karibu kuliko mita 30.

Kuhusu mikaratusi, miti hiyo hunywa maji mengi na mizizi yake inaweza kuvunja ukuta. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza iondolewe karibu na vyanzo vya maji. Lakini kijana yule anaitegemea kwa kuuza nguzo, kwa hiyo kubalianeni naye avune mistari ya karibu ikikomaa, aondoe na visiki visichipuke tena, nanyi mumletee miche ya mikuyu au mianzi ya kupanda mahali pake.

Mhamasishaji wa Afya ya Jamii, Busia

Naomba niseme jambo moja ambalo husahaulika watu wakishaona bomba linatiririka. Huku kwetu Busia, Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alifanya utafiti na wenzake juu ya chemchemi zilizojengewa. Waligundua kwamba uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi yenyewe ulipungua kwa asilimia 66, lakini katika maji yaliyokwisha kufika nyumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa takribani robo. Maana yake ni kwamba kazi yenu ina faida kubwa na mnastahili kuing'ang'ania, lakini mtungi usiosafishwa na kikombe kinachotumbukizwa kwa mkono vinarudisha sehemu ya uchafu ule ule. Tengeni siku ya kuzungumza na akina mama kuhusu mitungi yenye vifuniko na kutia dawa ya klorini, na mwalikeni mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu.

Mkulima, Siaya

Mimi naona mnaweza kufanya jambo hata sasa. Kufyeka njia, kuwatengea ng'ombe mahali pao chini zaidi na kuzibua mtaro ambao tayari upo si ujenzi, na mama mwenye boma akiridhia hakuna atakayelalamika. Kijiji kikiona mabadiliko hayo, hata mazungumzo na yule kaka yatakuwa mepesi.

Katibu wa Kikundi, Vihiga

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mama mjane yuko hai, na ni kweli kwamba wapo mabinti watatu walioolewa, wawili upande wa Kakamega na mmoja Nandi, ambao hakuna aliyewahi kuwataja katika mikutano yetu. Nimezungumza na mama mwenyewe jana, akaniambia kwamba mumewe alitaka kazi hii ifanyike, lakini hatatia sahihi mwanawe mkubwa akiwa na uchungu. Mfadhili naye amekubali kungoja endapo tutamwandikia barua ya kueleza sababu. Bado nina swali kuhusu wanaojitolea: tuwavuteje warudi? Kuna anayependekeza tuwalipe kidogo.

Dada wa Butere

Katibu, kabla ya pesa, angalia siku yenyewe. Jumamosi katika Magharibi ni siku ya mazishi, na kwa majirani wetu Waadventista ni Sabato. Mnawaomba watu wachague kati ya jembe na jirani aliyefiwa, nao wanachagua inavyopasa. Sisi tulihamishia kazi asubuhi ya siku ya katikati ya wiki, saa ile ile ambayo watu huja kuchota, na kila nyumba ikapewa kazi yake badala ya siku yake: hii ilete ndoo za kokoto, ile ipasue mawe, ya mama mzee asiyeweza kubeba ipike uji. Mwenye kazi ya mshahara alituma mchango wake kwa simu ukaandikwa katika daftari lile lile. Mweka hazina alilisoma daftari barazani, jina kwa jina, na wanaume waliokuwa wakija tu siku ya mgeni wakaanza kuleta mawe.

Msilipe posho. Mkimlipa mmoja leo, kesho hata kuzibua mtaro kutakuwa na bei, na fedha ya mfadhili itaisha kabla ya ukuta kusimama. Mlipeni fundi peke yake, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Mzee wa Kamati, Emuhaya

Mama mjane amewaonyesha njia. Mwombeni yeye ndiye awaite watoto wake wote, wakutane nyumbani kwake wala si ofisini kwa chifu. Kikundi kipeleke chai na sukari, kisha wajumbe wenu waingie baada ya familia kuzungumza peke yao.

Katibu wa Kikundi, Vihiga

Tumekubaliana hivyo. Mama atawaita watoto wote wakati wa Pasaka, kaka mkubwa akiwa likizo, nami naandika rasimu ya hati wiki hii ili liguru aipitie mapema. Ujenzi tunausogeza hadi kiangazi kijacho. Kazi ya mtaro na njia ya ng'ombe tunaanza Jumatano asubuhi, na kijana wa mikaratusi amejitolea kutupa fito za kuzungushia kidimbwi. Fundi wa Luanda, naomba uniandikie faragha makadirio ya mawe na kokoto, ili tugawe ndoo kwa kila nyumba tukijua kiasi kinachohitajika.

Fundi wa Mawe, Luanda

Nitayatuma. Wakati wa kiangazi hiki hiki, pima ni dakika ngapi mtungi wa lita 20 unachukua kujaa, kisha pima tena mwezi Mei. Bila hizo namba mbili sitajua ukubwa wa bomba unaowafaa.